Msimu mpya wa triathloni: namna ya kuisaka nafasi ya ubingwa wa dunia ukiwa hapa hapa Unguja

Ratiba ya mashindano ikishatoka mie usingizi unanikimbia. Nakaa barazani na simu na kidaftari nahesabu wiki kurudi nyuma, hapa Ramadhani, hapa masika, hapa kusi linaanza, na moyo unadunda kama mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu na sikukuu yenyewe bado siku tatu. Msimu uliopita nilikosa nafasi ya kwenda ubingwa wa dunia wa rika langu, nilikosa kwa jambo ambalo ntalieleza huko chini maana bado linaniuma, kwa hiyo safari hii naanza na hamu ambayo sijapata kuwa nayo. Watu kadhaa wameniuliza mtu anayekaa Unguja au Pemba, hana bwawa la mita 50, hana mlima, hana duka la baiskeli za resi, anaanzia wapi? Basi haya ndiyo ninayoyajua.

Kwa asiyeujua mchezo: unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, vyote mfululizo na saa haisimami hata ukiwa unavaa viatu. Mbio fupi ni mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Zile za Olimpiki, ambazo ziliingia Sydney 2000, ni 1.5, 40 na 10. Ndefu kabisa ni 3.8, 180 na 42.2, hizo zilianzia Hawaii 1978 wakiwa watu 15 tu na wakamaliza 12. Katikati kuna nusu yake, 1.9 kuogelea, 90 baiskeli, 21.1 kukimbia, inaitwa 70.3 kwa sababu ukijumlisha kwa maili ndio inafika hapo. Mie nakushauri hii nusu. Ina ubingwa wake wa dunia, mwaka 2018 ubingwa huo ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Afrika Kusini, na tangu 2022 jirani zetu Rwanda wakaanza kuandaa 70.3 pale Rubavu pembeni ya ziwa Kivu, yaani mtu wa Afrika Mashariki halazimiki tena kwenda mbali kuisaka nafasi.

Nafasi yenyewe inapatikana vipi

Hushindani na kila mtu. Unashindana na rika lako, wanaume mbali na wanawake mbali, 18 mpaka 24, halafu 25 mpaka 29, na kuendelea kwa miaka mitano mitano hadi wazee. Umri unaohesabiwa ni utakaokuwa nao tarehe 31 Disemba ya mwaka wa mashindano, hata kama siku ya mbio hujafikisha. Hili watu wanalisahau, na mtu anayeingia rika jipya mwaka huu ndiye kijana kuliko wenzake kwenye kundi lile, hiyo ni bahati, itumie.

Zamani nafasi zilikuwa zinagawiwa kwa kufuata wingi wa watu kwenye rika. Sasa mshindi wa kila rika anapata yake, na zilizobaki zinagombaniwa kwa muda uliolinganishwa na umri, maana yake mama wa miaka 55 aliyekimbia vizuri kwa umri wake anaweza kumpita kijana aliyemtangulia kwa saa. Mie naona ni haki zaidi. Na aliyepata akiikataa, labda hana pesa au tayari anayo, nafasi inamshukia anayefuata. Hapo kwenye kushuka ndipo watu kama sisi tunapopatia riziki, kwa hiyo usije ukasema "sikuwa wa kwanza, basi tena".

Chukua kalamu kabla hujachukua baiskeli

Hili ndilo jambo kubwa nnalotaka kulisema na laiti ningeambiwa mapema: jua dakika zako zinapotelea wapi. Wengi wetu huku tunafanya mazoezi ya kile tunachokipenda. Mkimbiaji anakimbia tu, mtoto wa pwani anaogelea tu, kisha wanashangaa muda haushuki.

Hesabu zangu za msimu uliopita zilikuwa hivi. Kuogelea mita 100 kwa dakika 2 na nusu, kilomita 1.9 ikanipa dakika 47 na nusu. Ningefika dakika 2 kwa mita 100 ingekuwa 38, nnaokoa kama dakika 9 na nusu. Mbio nilikimbia dakika 5 na nusu kwa kilomita, nikishuka mpaka 5 kamili naokoa dakika 10 na kitu. Baiskeli nilikwenda kilomita 28 kwa saa, hiyo ni saa 3 na dakika 13 hivi, nikipandisha mpaka 32 inakuwa saa 2 na dakika 49. Dakika 24! Na kule kwenye kubadilisha, kuvua na kuvaa, nilitumia jumla ya dakika 10 kwa mara zote mbili na ingetosha 5. Jumla dakika 49, na nusu yake iko kwenye baiskeli ambayo ndiyo nilikuwa naifanyia mazoezi kidogo kuliko vyote. Nilipoziona zile namba nilinyamaza kimya. Fanya na wewe, kwa muda wako wa kweli, usijiongezee wala usijipunguzie.

Bahari ndio skuli yetu

Usipange kuogelea kwa siku za wiki, panga kwa maji. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, kwa hiyo ukitoka msikitini alfajiri kukianza kupambazuka bado yako juu ndio yanaanza kutoka. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ikifika maji mafu yanajaa asubuhi ya saa tatu saa nne na hayatoki sana, hapo ndio unapanga ile safari ndefu ya kuogelea wikendi. Mtu wa Paje na Jambiani anajua zaidi, kule maji yakitoka unabaki na mchanga hadi mwambani, na yakijaa chunga vigingi vya mwani vya kina mama, ukipita juu yake utachanika na utaharibu riziki ya mtu.

Bwawa hatuna lakini tuna kupwa. Maji yakitoka nenda na kamba ya kupimia, pima mita 100 sawasawa na ufukwe, chomeka miti miwili mirefu, yakijaa rudi uogelee baina yake. Mara 19 ndio kilomita 1.9 yako. Mie wiki yangu ina siku tatu za maji: siku moja mara 10 za mita 100 kwa kasi na kupumzika sekunde 20, siku ya pili mara 4 za mita 400 kwa kasi ya mashindano, siku ya tatu moja kwa moja bila kusimama, naanza mita 1,000 naongeza mpaka 2,500. Na kila mikono minane mpaka kumi inua macho kidogo, macho tu usinyanyue kichwa kizima, utazame alama. Siku ya mashindano hakuna mstari chini, kuna maboya, na mtu anayekwenda kombokombo anaogelea kilomita 2.2 wakati mwenzake kaogelea 1.9.

Vijana wa makachu pale Forodhani wananipa moyo sana, hawaogopi maji hata chembe, lakini kuruka na kupiga mbizi ni kitu kimoja na kuogelea dakika 40 kwa pumzi ya utulivu ni kitu chengine. Kama unatoka huko umeshamaliza kazi ngumu ya kuondoa khofu, iliyobaki ni kujifunza kutoa pumzi taratibu ukiwa uso uko majini. Na kina dada msione kama mchezo huu si wenu, Nungwi watu wa Panje Project wamewafundisha wasichana wengi kuogelea wakiwa na nguo za stara. Kama nguo ya mashindano inakutia wasiwasi waandikie waandaaji miezi kabla, waeleze unavyotaka kuvaa, upate jibu kwa maandishi.

Usiogelee peke yako. Vaa kofia ya rangi kali, funga boya dogo kiunoni, na usikae kwenye njia ya maboti ya Malindi. Nungwi pia, maji yakitoka mkondo ni mkali, usiingie bila kuuliza wavuvi.

Kitu kimoja cha Kivu ambacho mtu wa bahari lazima ajue: ziwa halina chumvi, unaelea kidogo kuliko ulivyozoea, miguu inazama. Usipaniki, kaza tumbo, sukuma kifua chini kidogo, miguu itapanda yenyewe. Na kule ni kama mita 1,460 juu ya bahari, sisi tunaotoka sifuri tunaikosa pumzi, kwa hiyo anza taratibu zaidi ya unavyotaka.

Kusi ndio mlima wetu

Kisiwa chetu ni bapa, kilima cha Masingini chenyewe hakifiki hata mita 130, lakini upepo tunao na upepo hauna mteremko wa kukupumzisha. Kusi likivuma ondoka Paje uelekee Jambiani hadi Makunduchi, unakwenda nao uso kwa uso kama kilomita 20, miguu inawaka, kisha unarudi umesukumwa. Fanya dakika 10 kwa nguvu, 5 taratibu, mara nne, yote upande wa kwenda. Safari ndefu ya Jumamosi mie natoka mjini, Mwanakwerekwe, Tunguu, Kitogani mpaka Paje na kurudi, ni kama kilomita 100. Natoka baada ya alfajiri tu, helmeti kichwani na taa nyuma, kabla daladala hazijawa nyingi. Pale Jozani punguza kasi, kuna matuta na kuna kima punju wanavuka barabara wakati wowote wanaotaka.

Huna baiskeli ya laki nyingi? Anza na uliyonayo. Kilichonipa mie kasi kubwa kwa pesa ndogo ni kupandishiwa kiti mpaka goti linakunjuka vizuri, tairi nyembamba zilizojaa upepo sawasawa, na vishikio vya kulalia mbele vya mtumba ili kifua kishuke, maana ukienda kasi adui yako mkubwa ni hewa unayoisukuma mwenyewe. Na chumvi! Chumvi ya bahari inakula cheni na beringi usiku na mchana. Kila ukirudi osha kwa maji ya bomba, futa, tia mafuta kidogo, futa tena yaliyozidi. Jifunze kuziba pancha na kubadilisha tyubu mwenyewe bila fundi, kwa sababu kule hutoruhusiwa kusaidiwa na mtu wa nje, nilijifungia chumbani nikafanya mara ishirini mpaka nikafika dakika 6.

Mbio sitozungumza sana, watu wanazijua. Tatu kwa wiki, moja ndefu, moja ya kasi, na moja, hii usiiache, mara tu ukishuka kwenye baiskeli hata kama ni dakika 20 tu. Miguu inakuwa kama si yako. Mwili unatakiwa uzoee ile hali kabla ya siku yenyewe.

Wiki 16 zinatosha kama tayari una afya nzuri, saa 8 mpaka 12 kwa wiki, wiki tatu unapandisha na ya nne unapumzisha, na sehemu kubwa iwe mwendo ambao unaweza kuzungumza. Wiki mbili za mwisho punguza. Hapo ndio watu wanaharibu, wanahisi wana nguvu wanataka kujipima tena, ziache hizo nguvu zikae.

Ramadhani mie siikimbii wala siilazimishi. Baiskeli ya taratibu dakika 45 kabla ya futari ili nikifika nyumbani ndio adhana, na zoezi la kasi baada ya tarawehe nikiwa nshakunywa maji ya kutosha. Kuogelea mchana wa saumu naacha. Mwezi mzima hutoongeza kasi lakini hutoipoteza, na ukiupanga uwe mwanzo wa msimu badala ya mwisho haukuathiri kitu.

Chakula barabarani. Mwili kwenye saa 5 au 6 unataka kama gramu 60 za wanga na sukari kwa saa, waliozoea wanafika 90. Jeli za dukani ghali na huku si rahisi kuzipata, lakini tende kubwa moja ina kama gramu 18, zile ndogo kama 5, ndizi mbivu ya kawaida kama 25. Chupa ya mililita 750 natia vijiko vidogo 10 vya sukari, robo kijiko cha chumvi, na ndimu. Dafu ni zuri ila chumvi yake ndogo, kwa jasho letu la Zanzibar litie chumvi. Yote hayo yajaribu kwenye mazoezi, usijaribu kitu kipya siku ya mashindano. Urojo nnaupenda sana, lakini siku mbili kabla siugusi.

Siku yenyewe

Kanuni chache zinazowaondoa watu. Funga helmeti kabla hujaigusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeshaitundika. Usijifiche nyuma ya mwenzako kwenye baiskeli, umbali ni mita 12, ukiingia una sekunde 25 za kumpita, ukikamatwa unasimamishwa dakika kadhaa na nafasi yako imeshakwenda. Muda wa mwisho: kuogelea saa 1 na dakika 10, umalize baiskeli ndani ya saa 5 na nusu tangu uanze, na yote saa 8 na nusu. Panga vitu vyako chini kwa mpangilio ule ule uliofanyia mazoezi uani kwenu. Wale majirani waliokuwa wakikuona unavaa na kuvua viatu mara thelathini watakuwa wamekusaidia kuokoa dakika tano.

Sasa lile jambo langu. Nilimaliza wa saba kwenye rika. Nikajiambia wa saba hawezi kupata kitu, nikarudi nyumba ya wageni kuipakia baiskeli maana gari lilikuwa linaondoka jioni. Usiku simu ikalia, mwenzangu tuliyekaa naye kwenye boti ananambia jina lako limeitwa. Kwa utaratibu ule wa zamani rika letu lilikuwa na nafasi mbili: wa kwanza alichukua yake, ya pili ikaanza kushuka, wa pili tayari anayo, wa tatu na wa nne hawakuwepo, wa tano kakataa, wa sita hakuwepo, wakaita langu mara tatu, kimya, wakaenda kwa wa nane. Wa nane alilia kwa furaha. Mie nilikaa kitandani na spana mkononi muda mrefu sana.

Kwa hiyo shika haya. Usikate tiketi ya kurudi siku ile ile. Kaa kwenye hafla ya kugawa nafasi mpaka jina la mwisho, hata ukimaliza wa ishirini, hata miguu inauma. Nafasi haiwekwi wala haichukuliwi na mtu mwengine, ni wewe mwenyewe na kitambulisho, unaitika kwa sauti wasikie. Na unalipa pale pale kwa kadi, kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari nenda benki wakufungulie malipo ya nje ya nchi na wapandishe kiwango, halafu ijaribu kwa kununua kitu kidogo mtandaoni. Pesa hiyo itenge mwanzo wa msimu, usiichanganye na nauli.

Baiskeli inasafiri kwenye boksi la karatasi, waombe wauza baiskeli wanayatupa. Toa upepo nusu, fungua pedeli, na kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia, wengi wameharibu uzi hapo. Usukani geuza, magurudumu toa, nguo zako ndio ziwe mto wa kuzuia vyuma visigongane. Kwenye feri kaa nayo karibu, mwambie baharia mapema usingoje foleni.

Na ukiipata ile nafasi, kesho yake asubuhi fungua pasi uangalie tarehe. Kama ubingwa uko Ulaya utahitaji viza, maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, na pasi iwe na angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka kule. Barua ya uthibitisho kutoka kwa waandaaji ipakue siku hiyo hiyo uichapishe nakala mbili. Mie pasi yangu nimeshaipeleka kubadilisha, na kalenda ya maji nimeibandika jikoni. Bamvua inaingia Alkhamisi.